Kuchochea: Neno Moja, Moto wa Namna Mbili

(Maneno haya yalisemwa redioni. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wale wasiopata kuyasikia, na kwa wale wanaopenda kuyasoma tena pamoja na wenzao.)

 

Leo tutachukua neno moja tu na kulichunguza. Neno lenyewe ni kuchochea. Unalisikia sokoni, kanisani, msikitini, kwenye mkutano wa mtaa na mbele ya tribinali. Mtu akisema neno kali, mwingine anajibu: «Wewe unachochea!» Basi tuulize: kuchochea maana yake nini? Je, kila anayechochea ni mbaya? Na historia ya nchi yetu inatufundisha nini juu ya neno hili?

Tuanze jikoni, maana ndiko neno lilikotoka. Mama amewasha kuni tatu kati ya mafiga. Baada ya muda ncha za kuni zimekwisha kuungua, kuni ziko mbalimbali, moto unalala. Mama anainama, anasukuma kuni ndani mpaka zikutane. Moto unainuka. Hapo amechochea. Wa mjini anayepika kwenye mbabula naye anakoroga makala ili majivu yaanguke na hewa ipite. Taa ya utambi nayo ilichochewa: utambi ulipandishwa kidogo, mwanga ukaongezeka.

Angalia jambo hili vizuri, kwa sababu tutalihitaji mpaka mwisho. Anayechochea haumbi moto. Kuni zilikuwapo, na kaa la moto lilikuwapo. Yeye anazikutanisha tu. Mahali pasipo na kuni, utachochea mpaka mkono uchoke, hutapata hata moshi.

Kutoka kitendo hicho Kiswahili kimezaa majina. Kuna kichocheo, yaani kitu kinachoamsha au kusukuma kitu kingine. Kuna mchochezi, yaani mtu anayefanya kazi hiyo kati ya watu. Na kuna uchochezi, yaani kazi yenyewe. Majina haya hayana uzito mmoja. Kichocheo kinaweza kuwa chema au kibaya. Lakini mchochezi na uchochezi ni maneno ya lawama. Mama wa jikoni hatumwiti mchochezi, ingawa anachochea kila siku. Neno hilo tunamwekea yule anayesukuma watu wapigane.

Tuangalie kwanza kichocheo chema. Wasikilizaji wa Katanga mnakijua kinywaji cha munkoyo. Mama anapika uji wa mahindi, unakuwa mzito. Anauacha upoe kidogo, halafu anatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa. Baada ya muda uji unalegea, unakuwa wa maji na mtamu. Hakutia sukari. Utamu umetoka ndani ya mahindi yenyewe: mzizi una kitu kinachoigeuza wanga ya mahindi kuwa sukari. Kisha mizizi inatolewa, na watu wanakunywa. Katika masomo ya kemia, kitu cha namna hiyo kinaitwa kichocheo. Na mwalimu atakuambia sifa yake kubwa: kinaharakisha badiliko la vitu vingine, lakini chenyewe hakiishi katika badiliko hilo. Ulikumbuke na hilo pia.

Kichocheo chema cha pili ni hewa ya mivuo. Kabla Wazungu hawajafika, mafundi wa Kisanga na wa Kiyeke waliyeyusha shaba katika Katanga. Walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakatia mawe ya kijani yenye shaba pamoja na makala, wakavuvia kwa mivuo ya ngozi. Shaba haiyeyuki mpaka moto ufike digrii zaidi ya 1,000, na moto wa jikoni haufiki huko bila kuvuviwa kwa nguvu. Kwa kazi hiyo walipata misalaba ya shaba iliyotumiwa kama fedha mbali sana na Katanga. Huo nao ni moto uliochochewa. Haukuchoma nyumba ya mtu. Ulikuwa ndani ya tanuru, na wenyewe walijua wanayeyusha nini.

Sasa tutoke jikoni na tanuruni, tuingie katika historia ya watu. Hapo neno limetumiwa kwa njia mbili, na njia zote mbili zimetuumiza.

Njia ya kwanza ni hii: wenye nguvu wanamwita mchochezi kila mtu anayedai haki yake.

Tukumbuke Desemba 1941. Ilikuwa wakati wa vita ya pili ya dunia. Shaba ya Katanga ilitakiwa sana, kazi iliongezeka, bei za vitu zilipanda, lakini mshahara wa mfanyakazi mweusi ulibaki mdogo. Wafanyakazi wa Union Minière waligoma, kwanza upande wa Jadotville, yaani Likasi ya leo, kisha Élisabethville, yaani Lubumbashi. Tarehe 9 Desemba walikusanyika kwenye kiwanja cha mpira. Askari walipiga risasi. Makumi ya watu walikufa, pamoja na Léonard Mpoyi, karani aliyesema kwa niaba ya wenzake. Kwa serikali ya wakati ule, mtu wa namna ya Mpoyi alikuwa mvuruga amani. Lakini tuulize: nani aliweka kuni pale? Je, ni yule aliyesema kwamba mshahara hautoshi, au ni ule mshahara usiotosha?

Tukumbuke tena Stanleyville, Kisangani ya leo, mwisho wa Oktoba 1959. Patrice Lumumba alikuwa na mkutano wa chama chake cha MNC. Fujo zilitokea na watu waliuawa. Lumumba alikamatwa tarehe 1 Novemba. Januari 1960 tribinali ilimhukumu kifungo cha miezi sita. Kosa lake? Uchochezi. Lakini siku chache tu baada ya hukumu ile, alitolewa gerezani akapelekwa Bruxelles, kwa sababu mazungumzo ya Meza ya Duara hayakuweza kuendelea vizuri bila yeye. Hapo tarehe ya uhuru, 30 Juni 1960, ilikubaliwa. Mwezi mmoja mtu ni mchochezi, mwezi huo huo ni mjumbe wa taifa, na baada ya miezi mitano ni waziri mkuu.

Ndugu msikilizaji, usisahau mfano huu. Ukisikia mkubwa anamwita mtu mchochezi, usiitikie haraka. Sikiliza kwanza yule mtu alisema nini. Mwalimu anayeuliza mshahara wake uko wapi, mkulima anayeuliza nani ameuza shamba lake, mama anayeuliza kwa nini kizuizi cha barabara kinamlipisha kila asubuhi: hao hawachochei vita. Wanaonyesha kuni mahali zilipo. Kumfunga anayeonyesha kuni hakuziondoi kuni.

Njia ya pili ni uchochezi wa kweli, ule unaosukuma watu juu ya watu. Huu ni hatari kuliko ule wa kwanza, na mara nyingi umetoka katika vinywa vya wakubwa wenyewe.

Nchi yetu imekuwa na sheria juu yake tangu zamani. Tarehe 7 Juni 1966 ilitolewa amri yenye nguvu ya sheria, namba 66-342, ya kukataza ubaguzi wa rangi na wa kabila. Inamgusa mtu anayeonyesha chuki ya kabila au ya jimbo kwa maneno, kwa ishara, kwa maandiko au kwa picha. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kwamba Kongo haikuwa na sheria. Sheria ilikuwapo. Tuangalie kilichotokea ilipokuwapo.

Mwaka wa 1992, tarehe 15 Agosti, Mkutano Mkuu wa Taifa huko Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, awe waziri mkuu. Aliyetoka ni Nguz a Karl-i-Bond, mtu wa Katanga, mkoa ulioitwa Shaba wakati ule. Hilo lilikuwa jambo la siasa kati ya wakubwa. Lakini katika mkoa, gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza na chama cha UFERI walihubiri kwamba Katanga ni ya Wakatanga peke yao. Watu wenye asili ya Kasai waliitwa kwa neno moja la Kiswahili cha kule: bilulu, yaani wadudu. Vijana wa chama waliingia mitaani. Likasi, halafu Kolwezi, nyumba zilivamiwa na watu wakauawa. Mamia ya maelfu walifukuzwa. Wengi walikaa siku na wiki kwenye stesheni wakingoja treni ya Kasai, wagonjwa na wenye njaa, na wengine walikufa pale pale au njiani. Wengi kati yao hawakuwahi kuishi Kasai. Baba zao na babu zao waliletwa na Wabelgiji kufanya kazi za migodi na za reli.

Sasa tazama kuni. Kampuni ya Gécamines, iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilianguka mpaka chini ya tani 60,000 mwaka wa 1993. Kazi zilipotea. Kijana wa Katanga alimwona karani mwenye jina la Kasai, akaambiwa: huyo ndiye aliyekula sehemu yako. Njaa ilikuwa ya kweli. Ukosefu wa kazi ulikuwa wa kweli. Tena tangu zamani kampuni na wakoloni waliwapanga watu kwa kabila. Uongo ulikuwa mmoja tu: kwamba jirani ndiye sababu. Kuchochea ndiko huko: kuchukua kuni za kweli na kuzielekeza kwenye nyumba ya mtu asiye na kosa.

Na mwisho wake? Mwaka wa 2016 chama cha Tshisekedi na kile cha Kyungu vilikuwa pamoja katika muungano mmoja wa upinzani. Wakubwa walipatana, na kupatana ni jambo jema. Lakini waliokufa stesheni hawakurudi. Wahenga walisema: wapiganapo tembo, nyasi huumia. Tuongeze: tembo wakipatana, nyasi haziinuki upesi.

Mwaka ule ule wa 1993, upande wa Kivu ya Kaskazini, damu ilimwagika Walikale na Masisi. Huko kuni zilikuwa ardhi na uraia. Sheria ya uraia ya mwaka wa 1972 ilikuwa imefutwa na ile ya 1981, na maelfu ya watu hawakujua tena kama ni raia au ni wageni. Majirani nao waliogopa kupoteza mashamba na uwezo wa machifu wao. Kila upande ulikuwa na hofu yake, na kila hofu ilipata mtu wa kuichochea.

Kisha tuvuke mpaka, maana moto wa Rwanda ulifika mpaka kwetu. Julai 1993, kule Kigali, ilianza kusema redio moja iliyoitwa RTLM. Ilikuwa na muziki mzuri na mizaha, vijana waliipenda. Katikati ya mizaha, Watutsi waliitwa inyenzi, yaani mende. Mauaji ya kimbari yalipoanza Aprili 1994, redio ile ilitangaza majina ya watu na mahali walipojificha. Julai 1994 watu karibu milioni moja walivuka kuingia Goma na vijiji vyake, na vita iliyofuata hatujamaliza kuilipa.

Hapo dunia ililazimika kuuliza swali letu mbele ya waamuzi: kuchochea ni nini? Mkataba wa mwaka wa 1948 juu ya mauaji ya kimbari ulikuwa umekwisha kutaja kosa la uchochezi wa moja kwa moja na wa hadharani. Tribinali ya kimataifa iliyokaa Arusha, nchini Tanzania, ilimhukumu Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa bourgmestre wa Taba, tarehe 2 Septemba 1998. Kati ya makosa yake lilikuwamo hilo la uchochezi. Tarehe 3 Desemba 2003 ilimhukumu Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wa RTLM, pamoja na wenzake wawili. Mwaka wa 2007, katika rufani, vifungo vyao vilipunguzwa, lakini Nahimana alibaki na hatia juu ya matangazo ya redio ile. Yeye alikuwa mwalimu wa historia katika chuo kikuu. Kumbe elimu peke yake haimzuii mtu kuchochea.

Tusiseme kwamba hayo ni ya Wanyarwanda tu. Agosti 1998, vita ya pili ilipoanza kwetu, redio zilitumiwa kuwaita wananchi wawawinde majirani waliodhaniwa kuwa Watutsi, na watu waliuawa barabarani Kinshasa. Aprili 2000, mwamuzi wa Ubelgiji alitoa hati ya kumkamata Abdoulaye Yerodia, aliyekuwa waziri wetu wa mambo ya nje, kwa ajili ya hotuba za wakati ule. Tarehe 14 Februari 2002, Korti ya kimataifa ya La Haye iliamua kwamba hati ile haikuwa halali, kwa sababu waziri wa mambo ya nje ana kinga. Iliamua juu ya kinga tu. Haikusema kwamba hotuba zilikuwa njema.

Bilulu kule Katanga. Mende kule Rwanda. Na katika hotuba za 1998, wadudu na vijidudu vya ugonjwa. Mahali mbalimbali, vinywa mbalimbali, lakini neno ni lile lile. Kwa nini mdudu? Kwa sababu kumwua mtu ni vigumu, lakini mdudu tunamkanyaga bila kufikiri. Ukisikia mtu anawaita watu wadudu, nyoka au takataka, ujue kuni zimekwisha kusukumwa ndani. Usingoje kuona panga.

Na sasa kumbuka kile kichocheo cha masomo ya kemia, kinachobadilisha vingine nacho chenyewe hakiishi. Tazama waliochochea: mara nyingi walikuwa na gari, walinzi na mahali pa kukimbilia. Walioungua ni kijana aliyeshika panga na jirani yake. Yule kijana leo amezeeka, na kila asubuhi anapita mbele ya nyumba aliyoichoma.

Leo kipaza sauti hakiko tena mikononi mwa gavana na mwenye redio peke yao. Kila mwenye simu ana redio yake. Mtu anapata sauti isiyo na jina: «Fulani wanakuja usiku, tujiandae». Hakuuliza nani amesema, anaitupa kwa watu hamsini. Naye amechochea, hata kama mkono wake haukushika kuni. Tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi yetu ina sheria juu ya mambo ya namna hiyo pia, lakini tumekwisha kuona kwamba sheria bila watu wa kuisimamia ni karatasi.

Kwa hiyo, wewe unayesikiliza, nakuachia maswali matatu. Uyaulize kila mara mtu anaposimama kusema kwa moto.

La kwanza: anasema juu ya jambo, au juu ya kabila la watu? Anayesema «mshahara haujafika miezi mitatu» anasema juu ya jambo. Anayesema «watu wa kabila lile ndio walivyo» anasema juu ya watu, na hakuna jibu unaloweza kumpa isipokuwa wale watu wasiwepo.

La pili: maneno haya yakiwa moto, nani ataungua? Kama msemaji mwenyewe hayumo kati ya watakaoungua, wala watoto wake, tahadhari.

La tatu: kuni ni zipi, na nani anaweza kuziondoa? Swali hili ndilo tunalolisahau. Tunamkamata mchochezi mmoja, tunashangilia, na kuni tunaziacha pale pale. Kesho anakuja mwingine. Kazi ya amani ni kuzitoa kuni moja moja: shamba lipimwe na mipaka ijulikane na pande zote mbili, kesi ya ardhi isikilizwe bila rushwa, raia apate karatasi zake, kijana apate kazi. Sheria ya uraia ya tarehe 12 Novemba 2004, iliyotambua makabila yaliyokuwapo nchini wakati wa uhuru, ilikuwa hatua moja ya kutoa kuni. Hatua nyingine bado zinatungoja, na nyingi hazingoji Kinshasa: zinangoja mzee wa mtaa, chifu, mwalimu, na wewe.

Tena tusiiogope redio wala tusiliogope neno kali. Redio iliyowasha chuki ni chombo kile kile kinachoweza kutafuta ukweli wa uvumi na kuutangaza kwa Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Kiluba. Redio Okapi, iliyoanza Februari 2002 wakati nchi ilikuwa imekatwa vipande, iliwafanya watu wa Kisangani, Goma na Kinshasa wasikie habari moja siku moja. Hicho nacho ni kichocheo, kama mizizi ya munkoyo: kinaamsha utamu uliomo ndani ya watu tayari.

Ndugu zangu, moto hatuwezi kuukataa. Nyumba isiyo na moto haina chakula. Lakini mwenye nyumba anajua kuni zake, anajua nani ameshika mkono kwenye kuni hizo, na usiku kabla ya kulala anazitoa mafigani na kuzifunika majivu. Jioni hii, ukikaa na watu wako, wataje kuni zilizomo mtaani kwenu, kwa majina yake, bila kutaja kabila la mtu yeyote. Mkiweza kufanya hivyo kwa saa moja bila kugombana, mmeanza.

Kwa leo tuishie hapa.